Hesabu ya kuokoa ndege ya sentimita 15

Ndege 11 za kivita za Sweden zilifika Kongo kati ya Oktoba 1961 na mwisho wa 1962, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tano za kwanza, Saab J 29B, zilianzia Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga, na Desemba 1961 zikashiriki kukipiga kiwanja cha ndege cha Kolwezi. Baadaye ziliongezwa nne za aina hiyohiyo na mbili za upelelezi wa picha, S 29C. Kituo chao kikawa Base ya Kamina, kwa kifupi Baka, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili na kufundishia marubani wao kwa ndege za Harvard. Kutoka hapo zikaingia katika operesheni ya Grandslam, iliyoanza tarehe 28 Desemba 1962 na kumaliza utengano wa Katanga. Risasi za ardhini zilizipata mara kadhaa, lakini hakuna iliyoangushwa. Moja iliharibika pale kuruka kulipokatizwa ikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Kazi ilipokwisha mwaka 1963, baadhi ya zilizobaki ziliharibiwa palepale kambini: kwao hazikuhitajika tena, na gharama ya kuzirudisha ilionekana kubwa mno.

Hesabu hiyo inauma, lakini ina msingi. Kutoka Kamina hadi Linköping, mji zilikotengenezwa, ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. J 29 iliweza kwenda kama kilomita 1,100 kwa tangi lake. Gawanya: hata bila akiba ya mafuta na bila kukwepa nchi yoyote, ni vituo visivyopungua 6 njiani, na kila kituo kinataka mafuta, mafundi, kibali na malazi. Zidisha kwa idadi ya ndege nzima zilizobaki. Na kiwandani zilikwishatoka 661 kati ya 1950 na 1956, kwa hiyo kupoteza chache hakukuacha pengo katika ulinzi wa Sweden. Pengo lilibaki kwetu. Uwanja upo, jeshi letu la FARDC lipo kambini, lakini ndege zenyewe kijana wa Kamina hawezi kuzigusa.

Anachoweza kukigusa ni modeli ya plastiki. Kampuni ya Ufaransa, Heller, ilitoa seti ya J 29 kwa skeli ya 1/72. Wasweden wa Pilot Replicas wakatoa yao kwa 1/48. Seti za zamani za 1/72 ndizo zinazopatikana kwa bei ndogo, na mara nyingi zinapatikana zikiwa zimeshaunganishwa na mtoto wa mtu, miaka mingi iliyopita, kwa gundi nyingi na brashi nene. Bawa moja limeinama, kioo cha rubani kina alama ya kidole, rangi imekauka kama uji. Swali la 1963 linarudi katika umbo dogo: je, kuiokoa kunazidi thamani yake?

Kwanza skeli, kwa sababu watu wengi huielewa nusu. Kwa 1/72, urefu unagawanywa kwa 72. J 29 ya mwisho, aina ya F, ilikuwa na bawa hadi bawa mita 11 na urefu wa mita 10.23, kwa hiyo modeli yake ni milimita 153 kwa 142. Hadi hapo ni rahisi. Lakini eneo linagawanywa kwa 72 mara 72, yaani 5,184, na ujazo kwa 72 mara 72 mara 72, yaani 373,248. Ndege tupu ya kilo 4,845 ikipunguzwa hivyo inabaki gramu 13. Kwa 1/48 inakuwa gramu 44. Seti mbili zinazoonekana kama kaka na mdogo wake zinatofautiana zaidi ya mara tatu kwa kiasi cha kitu kilichomo ndani.

Sasa igeuze hesabu, maana kazi ya kufufua modeli iko upande huo. Kila milimita ya kosa unaizidisha kwa 72. Pengo la milimita 1 pale bawa linapokutana na tumbo ni mfereji wa sentimita 7 kwenye ndege halisi. Rubani angekataa kupanda. Rangi ya brashi iliyopakwa mara mbilimbili inaweza kufika unene wa sehemu ya kumi ya milimita, na hiyo ni zaidi ya milimita 7 za rangi, unene wa ubao. Mistari ya mabati iliyochorwa kwa upana wa milimita 0.3 inakuwa mitaro ya sentimita 2. Ndiyo sababu modeli mbovu inaonekana mbovu hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu ndege: jicho linapiga hesabu hiyo lenyewe.

Adui wa kwanza ni gundi, na kabla ya kushika kisu lazima ujue ni gundi ipi. Ile ya modeli haibandiki; inayeyusha plastiki pande zote mbili mpaka ziwe kitu kimoja. Kiungo hicho hakuna dawa ya kukifungua. Unakikata kwa msumeno mwembamba au kwa kisu chenye ncha, ukipita mlemle kwenye mshono mara nyingi kwa mkono mwepesi. Supaglu ni habari nyingine. Ikipata baridi kali inakuwa dhaifu na yenye kukatika, kwa hiyo usiku mmoja ndani ya friza ya muuza samaki unatosha mara nyingi kuachanisha kwa kupinda kidogo tu.

Adui wa pili ni rangi. Hapa watu wanaua modeli kwa kukosa subira: wanachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kama ina asetoni, plastiki ya polistairini inayeyuka mbele yako. Mafuta ya breki yanaila rangi ya enameli bila kuigusa plastiki. Loweka siku nzima, halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Soda kostiki, ileile ya wapika sabuni, nayo inafanya kazi hiyo, lakini inachoma ngozi na macho, na mimi siwezi kumshauri mtoto aitumie. Kioo usikiweke humo. Kioo kinang'arishwa kwa msasa wa 2000 ukiwa na maji, kisha dawa ya meno juu ya kitambaa cha pamba.

Bawa lililopinda linanyooshwa kwa maji ya moto, na hapa mahali penyewe panaingia katika hesabu. Polistairini inalegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka karibu na nyuzi 96. Hizo nyuzi 4 zinakusaidia: bawa linakuwa tayari kusikia mkono lakini haliwi kamasi. Lizamishe kwa sekunde chache, lishikilie juu ya kipande cha kioo cha dirisha mpaka lipoe, tazama kwa jicho moja, rudia.

Kisha puti na msasa, kazi ndefu kuliko zote. Puti ya mafundi bodi ya magari inafaa kwa mapengo makubwa. Kwa madogo, supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto inakauka haraka na kusuguliwa vizuri. Msasa wa 400 kwanza, halafu 600, halafu 1000. Tumbo la J 29 ni nene na la duara, ndilo lililoipa jina la Tunnan, yaani pipa, na duara halisamehe: mshono wa juu na wa chini ukibaki na ukingo hata wa sehemu ya ishirini ya milimita, mwanga wa jua unauonyesha.

Pua inataka uzito. Ndege hii inasimama kwa magurudumu matatu, moja likiwa mbele, na modeli yake inakaa kwa mkia usipoweka kitu mbele. Lakini pua yenyewe ni tundu la hewa ya injini, huwezi kuijaza. Gramu 5 za risasi ya kuzamishia nyavu, zilizopondwa bapa, zinachukua chini ya nusu ya sentimita ya ujazo, na nafasi hiyo ipo chini ya kiti cha rubani. Mizinga minne ya milimita 20 iko chini ya pua. Kwa 1/72 tundu la mzinga ni milimita 0.28, dogo kuliko kitu chochote ambacho plastiki ya zamani iliweza kuonyesha. Sindano ya hospitali ya geji 25, ambayo kwa nje ni milimita 0.5, ina sura ya mtutu kuliko kijiti kilichokuja kwenye boksi. Inunue mpya duka la dawa, usiokote.

Tuje kwenye pesa. Bei zinazofuata ni za mfano. Kila mtu aweke za sokoni kwake, mpango wa hesabu haubadiliki. Tuseme modeli ya zamani ni dola 10, mafuta ya breki 4, msasa 3, supaglu na puti 6, rangi 12, stika za maji zenye alama za Umoja wa Mataifa 8. Jumla dola 43. Seti mpya tuiweke dola 25, rangi 12, gundi 3, na stika hizohizo 8: jumla 48. Usafiri uwe sawa kwa zote mbili. Kwa fedha mkononi, ya zamani ni rahisi kwa dola 5.

Sasa weka saa. Kutenganisha 7, kuvua rangi 2, puti na msasa 12, kuchora upya mistari 5, rangi na alama 8: saa 34. Seti mpya ikiunganishwa kwa makini, tuiwekee saa 15. Angalia zile 34: 21 za mwanzo, zaidi ya nusu, ni kufuta kazi ya mtu mwingine, na ukimaliza unakuwa umefika pale seti mpya inapoanzia. Tofauti ni saa 19. Dola 5 ukizigawa kwa saa 19 unapata senti 26. Kama saa yako moja ina bei zaidi ya senti 26, seti mpya ndiyo rahisi. Hiyo ndiyo hesabu nzima, na kwa fundi anayelipwa kwa saa jibu lake ni lile la 1963: vunja.

Lakini hesabu ya gharama inajibu swali lililoulizwa, haijibu lililoachwa. Jeshi la Sweden liliuliza kama ndege zinahitajika Sweden. Sioni dalili kwamba kuna aliyeuliza kama moja ingefaa kusimama mlangoni pa kambi ya Kamina, bila injini, bila vituo 6, bila tone la mafuta. Gharama ya kuiacha ingekuwa ndogo kuliko ya kuirudisha na labda hata kuliko ya kuivunja. Ninapoona modeli mbovu ya Tunnan, hilo ndilo swali ninalolitaka liulizwe.

Na kuokoa hakuna maana ya kufanya kila kitu kiwe kipya. Wanaofufua vyombo vya anga vya filamu wamejifunza hilo kwa uchungu. Chombo cha Enterprise kilichopigwa picha kwa kipindi cha televisheni cha Star Trek kilijengwa mwaka 1964, urefu kama mita 3.4, uzito kama kilo 90. Hadithi inasema chombo chenyewe kina mita 289, kwa hiyo skeli yake ni karibu 1/85. Kiliingia makumbusho ya Smithsonian mwaka 1974. Kilitengenezwa zaidi ya mara moja, na matengenezo ya 1991 yaliongeza mistari na vivuli ambavyo wapenzi wengi waliona vimezidi. Mafundi wa matengenezo yaliyokamilika 2016 walipiga eksirei, wakachunguza rangi safu kwa safu, na ile rangi ya asili iliyokuwa imebaki juu ya sahani yake wakaiacha kama ilivyo. Kwa modeli ya dola 10 kanuni ni hiyohiyo: kama mshono mmoja umekaa sawa, usiufungue. Kila kiungo kizuri unachokiacha kinapunguza zile saa 7 za kutenganisha.

Kuna modeli za kuacha kabisa. Kama kioo kimeyeyushwa na gundi mpaka ndani, au kipande cha pua kimepotea, saa zinapanda kupita 34 na hazina mwisho. Hizo toa vipuri, uziweke kwa ajili ya nyingine.

Zinazofaa zitoshe 11, kama zile za Kongo: tano, nne na mbili. Bawa kwa bawa zinachukua mita 1.68, rafu moja ya darasa. Mtu mmoja akifanya saa 2 kila Jumapili, saa 34 mara 11, yaani 374, ni Jumapili 187, miaka mitatu na nusu na zaidi. Wanafunzi 11 wa sekondari ya Kamina, kila mmoja na yake, ni Jumapili 17.