Kumwaga oili ya pikipiki uani: tuangalie watoto na mikono yetu

Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni siku hizi zina pikipiki uani. Moja ni ya baba anayekwenda nayo dukani, nyingine ya kijana wa bodaboda aliyepanga chumba cha nyuma. Na kwa kuwa fundi naye anataka hela yake, wengi hupita Gerezani wakanunua chupa ya oili na kuja kubadili wenyewe nyumbani. Si vibaya, kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Linalotuhusu katika safu hii ni ile oili nyeusi, karibu lita moja, inayotoka chini ya injini. Je, inatiwa kwenye chombo gani, na usiku ule inalala wapi?

Mara nyingi inatiwa kwenye chupa ya soda. Chupa inawekwa nyuma ya mlango ikisubiri siku ya kumwagwa, na pembeni yake kuna chupa nyingine ya maji iliyobaki na petroli kidogo ya kuoshea nati na mikono. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini umbo la chupa ya soda analijua vizuri sana.

Sisi matabibu tunaiogopa zaidi ile chupa ya pili. Oili ni nzito, mtoto akionja huitema. Petroli, sawa na mafuta ya taa, ni nyepesi. Mtoto akipaliwa nayo, hata funda dogo tu, inapenya kwenye mapafu na kuyaunguza. Baada ya muda utamwona anakohoa, anapumua haraka, mbavu zinabonyea ndani na homa inapanda.

Sasa hebu tuseme ukweli, mama. Jambo la kwanza linalofanywa majumbani mwetu ni kumtia mtoto kidole kooni atapike, au kumnywesha maziwa kikombe kizima. Yote mawili yanazidisha hatari, maana petroli ikipanda tena kooni inapata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu, na tumbo lililojazwa maziwa hutapika lenyewe. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa sabuni, kisha umwahishe Mnazi Mmoja, Amana au hospitali yoyote iliyo karibu, na ile chupa uende nayo. Hata kama anacheza na kucheka, mpeleke, kwa sababu dalili huweza kuchelewa saa kadhaa.

Turudi kwa mwenye pikipiki. Chagua wakati ambao watoto wako madrasa au wamelala, na usifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa. Washa injini dakika mbili tatu tu, oili ipate joto la kulainika. Kuna vijana wanaofika kutoka safari ndefu na kufungua nati hapo hapo. Oili inawamwagikia mkononi ikiwa inachoma, na mguu unagusa bomba la moshi. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, unga na oili yenyewe visiguse kidonda.

Simamisha pikipiki wima, weka chini beseni la zamani au dumu lililokatwa ubavu, fungua kifuniko cha juu kisha nati ya chini, uache oili ichuruzike yote. Futa nati, angalia washa yake kama haijachakaa, funga bila kutumia nguvu za kupita kiasi, kisha tia oili mpya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Katika pikipiki nyingi za hapa kwetu oili ya injini ndiyo inayolowesha klachi pia, kwa hiyo si kila oili ya gari inafaa. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Hayo mengine fundi anayajua kuliko mimi.

Mikono je? Oili iliyokwisha kutumika si sawa na ile mpya. Imechanganyika na masizi ya moto wa injini na vumbi la chuma, na ndani ya masizi hayo mna kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayezigusa miaka mingi. Habari hii si ngeni. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu wasafisha mabomba ya moshi waliopata saratani ya korodani kwa sababu ya masizi yaliyoganda kwenye ngozi. Baadaye ikaonekana hivyo hivyo kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Uingereza, ambao suruali zao zililowa oili ya mashine kutwa nzima. Basi kijana, kile kitambaa cha oili unachokitia mfukoni mwa suruali kitafutie mahali pengine. Kabla ya kufika huko, wengi hupata vipele vyeusi mikononi na mapajani, wakaenda kununua krimu yoyote dukani. Vipele hivyo ni vinyweleo vilivyozibwa na oili, na krimu kali zitakukwangua ngozi bure.

Vaa glovu. Ukichafuka, usinawe kwa petroli. Inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inapasuka, na oili inapata njia ya kupenya. Jipake mafuta ya kupikia kidogo pamoja na sukari, sugua, futa kwa karatasi, kisha nawa kwa sabuni na brashi ya kucha. Hili lina faida nyingine kwa anayetaka kuswali, kwani tabaka la grisi linalozuia maji yasifike kwenye ngozi ni lazima litoke kabla ya kutawadha. Ikibaki rangi tu kwenye mistari ya kiganja, haidhuru udhu. Na ovaroli ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za mtoto mchanga.

Imebaki ile lita moja. Ukiimwaga kwenye mtaro, mvua ya masika itaipeleka bonde la Msimbazi hadi baharini, na maji yakijaa itarudi milangoni mwa watu wa Jangwani, ambao mafuriko ya Desemba 2011 wanayakumbuka. Shirika la mazingira la Marekani hueleza kuwa galoni moja ya oili chafu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Nyumba yenye kisima uani isithubutu hata kuimwaga chini kuzuia vumbi.

Itie kwenye kidumu kigumu chenye kifuniko, kisiwe chombo kilichowahi kuwekwa kinywaji, uandike juu yake OILI CHAFU kwa herufi kubwa na kukifungia mahali pa juu. Gereji nyingi zina pipa la kukusanyia, kwa kuwa mafundi ujenzi huichukua kupaka mbao za zege. Siku unapokwenda Gerezani kununua oili mpya, nenda na kidumu chako ukaulize penye pipa.