Entebbe, Kiti cha Serikali Kando ya Ziwa



Wengi wetu wa Onduparaka, Arua na Koboko tunaijua Entebbe kwa ajili ya ndege tu. Lakini mji huu mdogo, ulioko kwenye rasi ya Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita 40 kutoka Kampala, ulikuwa makao makuu ya serikali ya kikoloni kwa karibu miaka 70. Mambo mengi yaliyowapata wazee wetu yaliamuliwa pale.

Jina lenyewe ni la Kiganda na maana yake ni kiti. Wazee wa Buganda husimulia kwamba Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, alikuwa na viti vya mwamba kando ya maji, akikaa juu yake kuamua kesi za watu. Mwaka 1893 akaja Mwingereza, Sir Gerald Portal, akapachagua pawe makao ya utawala na kupaita Port Alice, kwa jina la mke wake. Jina hilo halikudumu. La Mugula likabaki, na kazi ya kiti ikabaki ile ile, ila aliyekikalia alikuwa mwingine.

Kwa nini pale na si Mengo? Mengo kulikuwa na Kabaka na baraza lake, na mwaka 1892 Wakristo wa madhehebu mawili walikuwa wamepigana huko kwa bunduki. Kando ya ziwa palikuwa na upepo na njia ya maji. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zilichukua abiria na mizigo kutoka huko mpaka Entebbe. Mwaka 1898 wakaanzisha bustani kubwa ya miti, wakajaribu humo mazao ya kuuza Ulaya, mpira na kahawa yakiwemo. Zikafuata nyumba za maofisa zenye baraza pana, na kiwanja cha gofu. Ni mji uliopangwa kwa ajili ya makarani na mabwana wao. Kiwanda hakikuwa na nafasi humo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Sudan, na kabla ya hapo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1925 Katibu Mkuu wa serikali alimpa mkurugenzi wa kilimo maelekezo kwa maandishi: katika wilaya za pembeni zinazotegemewa kutoa vibarua, kilimo cha pamba na mazao mengine ya kuuza kisichochewe. Ndugu, soma tena maneno hayo polepole. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Zao la kuleta fedha halikutakiwa listawi. Mtu afanye nini, ila kufunga mzigo wake na kwenda kukata miwa ya wengine?

Babu yangu alifunga wake. Alipanda meli kushuka Pakwach na kuingia Ziwa Albert mpaka Butiaba, akapanda lori mpaka Masindi Port, meli nyingine kuvuka Kyoga mpaka Namasagali, kisha treni kwenda Busoga kwenye mashamba ya miwa. Alirudi na baiskeli, blanketi mbili na kikohozi. Entebbe hakuiona hata siku moja. Sijui kama aliwahi kusikia habari za maelekezo yale.

Kuna na habari ya damu. Mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe. Mwaka 1937 wachunguzi walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa huko Omogo, West Nile, wakaipeleka maabara, wakakuta kirusi kisichojulikana. Wakakiita West Nile. Mwaka 1999 kilizuka New York, na magazeti ya dunia nzima yakaandika jina la nyumbani kwetu. Jina la mama yule dunia hailijui.

Nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, mji mkuu ulikuwa Kampala. Entebbe ilibaki na Ikulu, na Wizara ya Kilimo, na uwanja wa ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walitua uwanjani hapo kuwachukua mateka wa ndege ya Ufaransa iliyokuwa imetekwa nyara. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yakauteka uwanja huo, na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Kwa kuwa Amin aliitwa mtu wa Koboko, hesabu yake tulilipishwa sote, hata mkulima ambaye hakupata cheo wala senti kwake. Mwaka 1980 watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Mimi nilizaliwa ukimbizini.

Nilifika Entebbe mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, kwa semina ya chama. Mji ni mzuri, sitaki kusema uongo. Nyani wanacheza juu ya miti na upepo wa ziwa unaleta usingizi. Ila siku hizi kuna kazi ambazo wakoloni hawakuzipanga: mashamba ya maua kandokando ya ziwa, na viwanda vya kukata minofu ya samaki. Maua na minofu hupanda ndege usiku na kesho yake viko Ulaya.

Jioni nilikutana na binti wa Onduparaka anayefanya kazi kwenye baridi ya kiwanda kimoja. Aliponisikia nikisema Kilugbara kwenye simu, alinifuata. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Yuko pale mwaka wa tatu, bado kibarua wa kutwa, bila barua ya ajira. Nilimuuliza kama ile bustani ya mwaka 1898 ameiona. Akacheka: "Baba, pale mlangoni wanataka kiingilio."

Tulikaa kwenye jiwe karibu na maji, nikaandika majina ya wenzake 11 aliowataja. Kisha akaniuliza nauli ya basi mpaka Arua siku hizi ni kiasi gani.