Fadhila za Punda

Bonde letu la Kilombero halikupata kuwa nchi ya farasi. Mbung'o humwambukiza nagana, naye hufa. Punda ni mstahimilivu zaidi, lakini hata yeye si wa chuma.

Je, ukimpata punda aliyetupwa, mgongo umejaa vidonda, utamwokoaje? Kwanza mtue mzigo, wala usimtwike tena mpaka apone. Kioshe kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Mjengee banda, maana manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi, na masika ya Ifakara unayajua. Kwato zikirefuka, zikatwe. Mwite bwana mifugo mapema, kwa sababu punda huficha maumivu. Akikataa kula, pengine umekwisha chelewa. Hapo ndipo penye uchungu: utamwuguza usiku kucha, na asubuhi utachimba shimo.

Kule Lamu kipo kituo cha kuwatibu punda tangu 1987. Lakini jike huchukua mimba mwaka mzima kwa mtoto mmoja tu, na biashara ya ngozi, zichemshwazo China kuwa dawa, ilikuwa ikiwamaliza. Tanzania ilikataza kuwachinja mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukaikataza biashara hiyo Februari 2024.

Wahenga walisema, fadhila za punda ni mateke. Ni kweli, mwanzoni atakupiga, kwani amezoea fimbo tu. Vumilia. Siku moja atasikia hatua zako, naye atalia kabla hujafika bandani. Hiyo ndiyo asante yake.