Si Kila Damu Chooni ni Bawasiri
Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, utumbo mpana mita 1.5 tu, hata hivyo saratani huupata zaidi ule mfupi. Mara nyingi huanzia kwenye kinyama kidogo kisichouma, kiitwacho polipu, ambacho huchukua takriban miaka 10 kabla ya kugeuka. Katika muda huo daktari aweza kukiona kwa kamera ipitishwayo njia ya haja kubwa, na mara nyingi kukiondoa papo hapo bila kupasua tumbo.

Muda huo ndio tuupotezao. Mgonjwa huona damu, huona haya, hununua dawa ya bawasiri. Nasi wahudumu tukiikuta bawasiri kweli, twaridhika, ilhali uvimbe huweza kuwapo juu yake. Mzee mwenye upungufu wa damu usio na sababu bayana asirudishwe nyumbani na vidonge vya madini ya chuma pekee. Utumbo wake uchunguzwe.