Krismasi ya Mombasa

Krismasi huikuta Mombasa katika joto. Mvua za vuli zimekatika au zimebakiza manyunyu, kaskazi imeanza kuvuma, na mchana joto hufika nyuzi 31 au 32. Kinachomchosha mgeni zaidi ya jua ni unyevu wa hewani: shati hulowa kabla ya saa nne asubuhi, na usiku feni haizimwi.

Wageni wengi wa msimu huu ni Wakenya wa bara, si Wazungu wa hoteli za ufuoni. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na kutoka Nairobi hadi kituo cha Mombasa, Miritini, ni mwendo wa saa tano na ushei. Tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema. Aliyechelewa hupanda basi, ambalo nauli yake nayo huwa imepaa.

Tarehe 25 umati huelekea Bamburi, kwenye ufuo wa umma ambao wenyeji huuita Pirates. Mihogo hukaangwa palepale, ikapasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Madafu hufunguliwa kwa panga. Ngamia waliopambwa hubeba watoto kwa ada ndogo. Wasiojua kuogelea hukodi tyubu za matairi ya magari, na watoto huingia majini na nguo zao mpya za sikukuu.

Hapo ndipo mgeni hupaswa kuwasikiliza wavuvi, kwa kuwa ratiba ya siku hupangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Maji yakipwa, mchanga hubaki wazi na watu hutembea kuelekea kwenye mwamba, ambako viatu ni vya lazima kwa sababu ya matumbawe makali na wanyama wa miba. Yakianza kurudi hujaza kwanza mabonde ya karibu na ufuo, na aliyezama katika kupiga picha hujikuta amezungukwa. Na yanapotoka, mkondo huvuta kuelekea kwenye milango ya mwamba, mahali ambapo tyubu haimfai kitu asiyejua kuogelea. Kuuliza saa ya maji kujaa kabla ya kuondoka nyumbani hakumgharimu mtu chochote.

Ibada nazo zina historia ndefu hapa. Ukristo uliingia Mombasa mara mbili. Kwanza ulikuja na Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Mara ya pili ulikuja na mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844. Mwaka 1875 Frere Town ikaanzishwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kuwapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yake bado ipo katika mtaa wa Kengeleni.

Mji wa Kale, wenye wakazi wengi Waislamu, huendelea na mahamri na mbaazi za nazi asubuhi kama siku nyingine, na mgeni anayepita vichochoroni anatarajiwa kujisitiri. Mitaani majirani hushirikiana: familia nyingi za Kikristo humwita Muislamu achinje mbuzi, ili sahani ya pilau iweze kuvuka ua bila shaka yoyote. Ukarimu huu ni hazina kubwa ya mji kuliko ufuo wowote. Baada ya pilau huletwa maembe, kwa kuwa Desemba ni msimu wake.

Wanaotaka utulivu huvuka kwenda Diani, pwani ya kusini. Kivuko cha Likoni hakiwatozi waendao kwa miguu, ila foleni ya magari siku za sikukuu ni ndefu. Barabara ya Dongo Kundu sasa humfikisha dereva pwani ya kusini bila kupanda feri.