Kambi ikifungwa, ghala libaki na kazi

Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifungwa baada ya zaidi ya wakimbizi 30,000 kurejeshwa Burundi katika miezi michache tu. Mtu anayerudi kwao huondoka na godoro, sufuria na jembe lake. Barabara, visima, sakafu za zege na majengo ya ofisi havipandi kwenye lori.

Leo ukitaja Mtabila, wakazi wengi wa Kasulu hufikiria vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kikosi cha 825 KJ kiko hapo. Hali ni kama hiyo Kanembwa, iliyokuwa kambi wilayani Kibondo kabla eneo hilo halijaangukia wilaya mpya ya Kakonko mwaka 2012. Huko kuna kikosi cha 824 KJ. Lugufu, ambako Wakongo walihifadhiwa tangu mwaka 1997, sasa kuna shule za sekondari za wavulana na wasichana, wilayani Uvinza.

Wasomi wa ujenzi wanapozungumzia kuyapa majengo makuukuu kazi mpya, mifano yao mingi hutoka kwenye viwanda. London, kituo cha umeme cha Bankside kilichoacha kuzalisha umeme kilifunguliwa mwaka 2000 kikiwa jumba la sanaa la Tate Modern. Nyanda za juu za Kigoma hazikuwahi kuwa na viwanda vya namna hiyo. Kibondo na Kasulu, sehemu zilizofanana zaidi na mji wa viwanda zilikuwa kambi: maghala ya chakula, karakana za magari, matangi ya maji, mitaa iliyopimwa na masoko yaliyochangamka.

Kambi hizo zilizaliwa kwa haraka. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu, na miaka iliyofuata zikawapo Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Karago na nyinginezo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wakulima wa Kiha waliuza ndizi, mihogo na maharage kwa wateja waliokuwa mlangoni, nao wakimbizi waliuza sehemu ya mafuta na unga wa msaada. Wafanyabiashara wadogo waliopata mtaji wakati huo hawakuwa wachache.

Mteja huyo alipoondoka, mkulima alibaki na mahindi yale yale na soko dogo zaidi. Hapo ndipo suala la majengo linapogeuka kuwa la biashara. Ukitazama orodha ya kambi zilizopata kazi mpya, jeshi na shule ndivyo vinavyoonekana kwanza. Si ajabu. Taasisi hizo zina bajeti, zina walinzi, na zinaweza kuingia siku chache baada ya makabidhiano. Chama cha msingi cha wakulima hakina vitu hivyo, na mara nyingi husikia habari za jengo wakati bati la kwanza limeshang'olewa.

Jengo tupu vijijini halina maisha marefu. Milango huondoka kwanza, kisha mabati, kisha mbao za kenchi. Kuta za matofali mabichi zikikosa paa kwa misimu miwili ya mvua za Kigoma, kinachobaki ni kichuguu. Kwa hiyo swali la nani atalitumia jengo linapaswa kujibiwa kabla wenyewe hawajaondoka. Historia ya Nduta na Mtendeli inaonyesha jambo jingine: zote mbili zilikuwa zimefungwa, kisha machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yakalazimisha zifunguliwe tena, Nduta Oktoba mwaka huo na Mtendeli Januari 2016. Mtendeli ilifungwa kwa mara nyingine mwaka 2021. Jengo lililotunzwa lilikuwa na thamani hata kwa kazi ile ile ya zamani.

Wengine wamefanyaje

Mijini mifano ipo, tena si ya fedha nyingi mno. Nairobi, ghala lililokuwa gereji katika eneo la viwanda liligeuzwa mwaka 2003 kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Dar es Salaam, wasanii wa Nafasi Art Space wamekuwa Mikocheni tangu 2008 katika uwanja wa maghala ya zamani, na makontena ya meli yakafanywa vyumba vya kazi. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid, lilikarabatiwa na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha historia ya usanifu wa jiji.

Mfano ulio karibu zaidi na mkulima ni wa Moshi. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU, badala ya kuacha jengo lake la mjini litumike kwa ofisi peke yake, kiliweka humo mkahawa wa kuuzia kahawa ya wanachama. Mteja anakunywa kahawa ndani ya nyumba ya wakulima wenyewe. Wakulima wa kahawa wa Kasulu na Buhigwe hawana watalii wa Mlima Kilimanjaro, lakini barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imewekwa katika mpango wa kuunganisha Kigoma na Burundi, na barabara ya namna hiyo huleta wasafiri.

Hata hivyo, kwa Kibondo na Kasulu kazi yenye manufaa ya haraka si mkahawa. Ni ghala. Familia nyingi huhifadhi mahindi chumbani au darini, na mwenye haja ya ada ya shule huuza wakati wa mavuno kwa mnunuzi anayekuja na lumbesa.

Hesabu ya ghala moja

Tuchukue jengo la mita 10 kwa 20, ukubwa wa kawaida kwa ghala la kijiji. Sakafu ni mita za mraba 200. Ondoa theluthi moja kwa ajili ya njia na nafasi kati ya magunia na ukuta, zinabaki kama 130. Ukipanga magunia hadi kimo cha mita tatu, ghala hilo hupokea tani 200 bila kubanana, yaani magunia 2,000 ya kilo 100.

Sasa fedha. Hizi si bei za soko la leo, ni hesabu ya mfano. Tuseme gunia linaongezeka sh 15,000 kati ya mavuno na msimu wa kupanda. Dawa, mlinzi, upakiaji, upungufu wa uzito na riba ya mkopo vikila sh 5,000, mkulima anabaki na sh 10,000 kwa gunia. Kikundi kinachoweka magunia 400 kinapata sh milioni 4 kwa msimu. Kama kukarabati paa, sakafu na milango kumegharimu sh milioni 12, fedha hiyo itarudi kwa misimu mitatu, iwapo yote itapelekwa kulipia ukarabati. Magunia 1,200 yangeirudisha kwa msimu mmoja. Ndiyo maana kikundi kinachotafuta jengo kianze kwa kuhesabu magunia ya wanachama, si kwa kuita fundi rangi.

Tofauti ya bei nayo haina dhamana. Juni 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, waliokuwa wameweka akiba wakitarajia mnunuzi wa nje walijikuta na magunia na bei iliyolala. Kwa wilaya zilizo jirani na Burundi jambo hilo liingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, na maharage yachanganywe na mahindi ili bei moja isibebe kila kitu.

Kuna faida nyingine ya ghala lililo katika hali nzuri. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inaruhusu mkulima kukabidhi mazao kwenye ghala lenye leseni na kupewa stakabadhi ambayo benki inaweza kuipokea kama dhamana. Mfumo huo ulishika kasi kwenye korosho za kusini kuanzia 2007. Lakini leseni haitolewi kwa jengo linalovuja.

Adui aliye ndani ya mbao

Kabla ya kuingiza gunia la kwanza kwenye jengo kuukuu, dumuzi apewe nafasi ya kwanza kwenye ukaguzi. Mdudu huyu alionekana nchini kwanza Tabora, jirani tu na Kigoma, kuelekea miaka ya 1980, na wakulima wakambandika jina la Skania kwa nguvu zake. Hatafuni mahindi peke yake. Hutoboa na kuishi ndani ya mbao kavu, hivyo kenchi za zamani, rafu na chaga zilizoachwa zinaweza kuwa makazi yake miaka yote jengo lilipokuwa tupu. Mbao zilizotobolewa zitolewe na kuchomwa mbali, nyufa zizibwe, kuta zipakwe chokaa, na dawa ipulizwe kwa ushauri wa ofisa kilimo.

Sakafu inafuata. Kipimo chake hakihitaji maabara: tandaza kipande cha nailoni sakafuni, bana kingo zake kwa mchanga, kiache usiku kucha. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini, na magunia yatakayolala hapo yataota ukungu hata yakiwa yameingia na unyevu salama wa asilimia 13.5. Kurudishia zege juu ya nailoni nzito ni gharama, lakini ndiyo gharama isiyokwepeka. Chaga haziondoi tatizo hilo, zinalipunguza tu.

Madirisha makubwa yaliyofaa ofisi au darasa hayafai ghala. Yapunguzwe yawe matundu ya hewa, ya juu na ya chini, yenye wavu wa kuzuia panya na ndege. Mlango mmoja upanuliwe ili magunia yaingie bila kukwaruzana. Mwanga uletwe na mabati mawili matatu ya kupitisha mwanga, yasiwekwe juu ya mrundo wa mahindi maana jua la moja kwa moja hupasha magunia. Paa la asbesto, linalopatikana katika baadhi ya majengo ya zamani nchini, lisikatwe wala kutobolewa na fundi wa mtaani. Vumbi lake linadhuru mapafu.

Yale mahema makubwa ya kuhifadhia chakula cha msaada ni suala la peke yake. Turubai lake huchoshwa na jua, bali fremu ya chuma hudumu. Wapo wanaodhani inatosha kugongea mabati juu yake. Fremu hiyo ilipimwa kwa uzito wa turubai, na bati lina uzito na upepo wake. Mhandisi wa halmashauri aione kwanza.

Mfanyabiashara mdogo naye asijione nje ya hesabu hii. Upande wa jengo unaotazama barabara unaweza kukatwa fremu tatu au nne, na kodi yake ikalipa mlinzi mwaka mzima, hata miezi ambayo ghala halina kitu. Sharti ni ukuta kamili, hadi kwenye paa, kati ya duka na mazao. Mafuta ya taa, sabuni na mbolea havikai hewa moja na mahindi ya kula.

Linabaki la umiliki, na hapa vikundi vingi huingia kwa pupa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ndiyo yenye dhamana ya masuala ya wakimbizi, na baadhi ya kambi ziliwekwa ndani au pembeni mwa misitu ya hifadhi ambako matumizi mapya yanahitaji kibali cha wenye msitu. Maghala yaliyoachwa na vyama vya msingi nayo yana mikanganyiko yake tangu ushirika ulipovunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa miaka ya 1980: kijiji kinadai, chama kinadai, na hati haionekani. Ofisa ushirika wa wilaya ndiye wa kuanzia, na maombi yapelekwe kwa maandishi.

Jengo likiwa la halmashauri, kikundi kisikubali mkataba wa mwaka mmoja. Ukarabati unaorudi kwa misimu mitatu hauwezi kubebwa na pango la msimu mmoja, kwani mwaka wa pili anaweza kutokea mpangaji mwenye fedha zaidi akakuta paa jipya. Miaka mitano ni kiwango cha kujadili, na kifungu kiandikwe kwamba gharama za paa na sakafu, zikishakaguliwa na mhandisi, zitakatwa kwenye kodi.