Boma Jipya Sondu: Hesabu Madumu Kabla ya Miche

Kwa desturi ya Waluo, mwanamume anayetoka kwa baba yake kuanzisha boma lake, yaani goyo dala, huandamana na mkewe, kifungua mimba wa kiume, jogoo, shoka na moto. Nyumba ya kwanza husimama siku hiyohiyo. Matunda hayana haraka hiyo. Mwembe au mparachichi uliopandikizwa huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa.

Ndiyo maana wengi hapa Sondu hupanda miche mingi mara moja, masika yakianza Machi. Shida huja Januari, wakati wa kiangazi. Mche mchanga ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, miche 40 inahitaji madumu 40 ya lita 20 kila wiki. Anayeyabeba ni mama, na watoto kabla ya kwenda shule. Miche 10 inahitaji madumu 10 tu, na maji ya kusuzia nguo yanapunguza safari.

Anza basi na kumi. Zungushia ua wa miiba kwanza, maana mbuzi hangoji. Chimba shimo la futi mbili, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha tandaza nyasi kavu bila kugusa shina. Katikati panda maharagwe na njugu. Familia itakula huku ikingoja matunda.

Miche mingine ingoje masika yajayo. Kumi iliyo hai italipa karo. Arobaini iliyokauka ni kuni.